Shikamoo Iliyobakizwa

Lushoto, Jumapili, 10 Machi 2024

Leo, tarehe kumi Machi, imetimia miaka arobaini na mitatu tangu niondoke Mlalo na sanduku la bati kwenda Leipzig, Ujerumani Mashariki, kusomea elektroniki. Nilikwenda kwa miaka mitano. Nchi iliyonisomesha ilikufa nikiwa ndani yake, nami nikabaki humo humo chini ya jina jipya. Nyumbani nimefika mara mbili tu, kumzika baba na kumzika kaka. Safari hii hakuna msiba. Nimekuja kukaa msimu mmoja wa masika kwa Efrazia, binti wa marehemu kaka yangu, anayeuza njegere na karoti sokoni hapa mjini.

Aliniita kwa sababu ya mwanawe, Esteria, wa kidato cha tatu. Mtoto huyu hupotea, ingawa tangu utotoni anapewa dawa ya degedege. Yuko katikati ya sentensi, macho yanasimama, mkono unapapasa sketi, kisha anarudi na kuuliza mlikuwa mnasema nini. Februari alipotea akiwa karibu na moto wa maabara shuleni, na kiganja chake sasa kina kovu. Shule yake ya bweni imemrudisha nyumbani. Wamesema watampokea akija na maelezo ya daktari kabla ya Juni, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine. Siwalaumu, wanaogopa moto kama sisi.

"Baba mdogo," Efrazia aliniambia kwenye simu, "wewe si ulikuwa unafanya kazi na vichwa vya watu?"

12 Machi, Jumanne

Nimekwenda kliniki. Ni vyumba vitatu na baraza, juu kidogo ya soko. Wamepewa mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, na anayeiendesha ni dada mmoja anaitwa Shamsa. Leo ni siku yake ya kwanza ya mfungo.

"Shikamoo babu. Karibu. Ila hilo tope la viatu tuachie mlangoni."

Mgonjwa hulala kitandani na kofia ya vihisi kichwani, saa tatu nzima. Nilipoingia chumbani kuiona mashine, kijana aliyelala pale alifumbua macho: "Shikamoo babu." Nikamwitikia. Leipzig ninaweza kupanda ngazi za nyumba yangu wiki nzima pasipo mtu kunisemesha. Hapa, kutoka geti la kliniki mpaka mlango wa ndani, niliamkiwa na kila aliyekuwa barazani.

14 Machi, Alhamisi

Tatizo la kliniki nimelielewa. Ubongo husema kwa sauti ndogo mno. Kope ikipepesa, taya ikibana, moyo ukidunda, vyote hivyo hupiga kelele kuliko ubongo wenyewe, na kihisi hakichagui, kinapokea kila kitu kwa pamoja. Ni kama kukaa katikati ya kwaya ya Mlalo nikiwa mtoto: sauti zote nne zinaingia sikioni kwa mkupuo, mpaka sikio lijifunze kuitenga besi. Kuna programu inayofanya kazi ya sikio hilo. Inatenga sauti, inatambua hii ni kope, hii ni taya, inazitoa, inabakiza ubongo. Kwa miaka zaidi ya thelathini, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Lakini kompyuta ya kliniki huchukua mchana na usiku kusafisha rekodi ya mtu mmoja, na umeme ukikatika inaanza upya. Wagonjwa ni zaidi ya thelathini. Daktari bingwa wa ubongo atapanda huku kutoka Dar es Salaam mara moja tu, katikati ya Mei, kwa siku moja. Amesema hatasoma rekodi chafu.

Esteria yuko mwisho wa orodha; tukienda hivi, hatafikiwa.

15 Machi

Mvua.

19 Machi, Jumanne

Nimeifungua programu yao na kuisoma. Haina kosa, ila imeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi mmoja. Kompyuta yenyewe ina viini vinne vya kufanyia hesabu, na programu inatumia kimoja. Mmoja analima, watatu wameegemea majembe.

Nimeingia chumba cha vipimo mara mbili kuangalia skrini. Mama wa Mlola aliyekuwa kitandani alinisalimu Kishambaa, "Onga makeo," na mimi jibu likanitoka lenyewe. Sikujua kama bado limo.

22 Machi, Ijumaa

Sekondari ya kutwa iliyo jirani ina chumba cha kompyuta, mashine kumi na mbili, za zamani lakini nzima. Mwalimu wake ni Hezekia, kijana mkavu, funguo amezining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Mzee, shikamoo. Hizi ni za wanafunzi."

Nikamweleza. Kila mashine ichukue rekodi ya mtu mmoja, zote zifanye kazi kwa wakati mmoja, na ndani ya kila mashine viini vinne visaidiane. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Na zikiungua?"

"Haziungui. Zitapata joto tu."

"Hata mimi nikipata joto huwa naungua," akasema, pasipo kucheka. Nilitoka nikiamini nimekutana na mchoyo.

25 Machi, Jumatatu

Hezekia amekubali. Saa za mchana baada ya vipindi, na likizo fupi ya Pasaka kutwa nzima. Sharti lake: yeye mwenyewe awepo. Chumba kina feni moja, naye ameileta nyingine kutoka kwake. Nimeanza kuandika upya programu. Esteria naye amepimwa leo asubuhi, ila rekodi yake inangoja kusafishwa kama za wengine.

1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Efrazia amepika wali na kuku wa kienyeji. Esteria alipotea akiwa ameshika bakuli la mchuzi. Mama yake alinyoosha mkono akalichukua taratibu, huku akiendelea na mazungumzo, kama mtu anayehamisha kikombe kisimwagike. Ndipo nilipoona amefanya hivyo mara nyingi kiasi gani.

Mtoto aliporudi akatutazama mmoja mmoja. "Nimeenda tena?"

"Kidogo tu," nikamwambia.

"Babu, hiyo mashine yenu ikisema sina kitu, watasema najifanya. Ikisema ninacho, watasema nina kifafa. Bora lipi?"

Nilimwambia bora ni kujua. Akasema hilo ni jibu la mtu aliyekwisha maliza shule.

4 Aprili, Alhamisi

Leo nimemkosea mtu, ingawa sijajua bado kwa kiasi gani. Katika rekodi nyingi kuna makelele makali pande mbili za kichwa, juu ya masikio. Nikamwambia Shamsa, mbele ya wagonjwa, kwamba anabandika vihisi ovyo na kubania jeli ya kuvishikiza. Alikuwa na mfungo wake na foleni ndefu.

"Sawa, babu," akasema. Akaendelea kuchana nywele za mgonjwa.

5 Aprili

Umeme hakuna.

6 Aprili

Umeme hakuna. Hezekia amekuja hata hivyo, akafungua madirisha, akafuta mashine vumbi moja baada ya nyingine.

8 Aprili, Jumatatu

Rekodi ndefu tunazikata vipande ili viini vigawane. Pale vipande vinapokutana pakazuka mawimbi ya uongo. Ilikuwa kama mpaka wa mashamba mawili: kila jirani anadhani mwenzake atalilima tuta la katikati, mwisho halilimwi. Nimebadilisha, sasa kila kipande kinaanza kabla ya kilichotangulia kwisha, na pale katikati panalimwa mara mbili. Mawimbi ya uongo yamekwisha.

"Kumbe ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima," Hezekia akasema.

"Ni msaragambo."

"Basi umechelewa, mzee. Wenzako huku walianza zamani." Mara hii alicheka.

10 Aprili, Jumatano. Idi

Shamsa ametuletea pilau nyumbani, mimi na familia yote, baada ya yale niliyomwambia. Nilitaka kusema neno, akanitangulia: "Kula kwanza babu. Ugomvi hauliwi na kachumbari."

12 Aprili, Ijumaa

Siku kubwa. Wanafunzi bado wako mapumziko ya Idi, tukaanza baada ya chai ya saa nne. Mashine zote kumi na mbili ziliwaka, feni zikipiga kelele kuliko mvua ya bati. Hezekia alikuwa akipita kati ya meza na kugusa kila moja kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa. Duru ya kwanza ilikwisha kabla ya adhuhuri, ya pili kabla ya alasiri, na jua lilipoegemea mlima rekodi zote zilikuwa zimekwisha. Kazi ya zaidi ya mwezi, mchana mmoja. Tulikaa tumetazamana kama watu walioandaa karamu na wageni wakala haraka.

Halafu nikafanya jambo ambalo mwendo wa zamani usingeniruhusu. Nilizifungua rekodi kumi na mbili kwenye skrini kumi na mbili, bega kwa bega, nikatembea mbele yake.

Yale makelele ya juu ya masikio yalikuwa kwa wote. Si kwa saa moja wala kwa idadi moja, lakini umbo lake ni lile lile: mlipuko mfupi, nafasi, milipuko miwili midogo, utulivu. Kwa wazee, kwa vijana, kwa mama wa Mlola. Jeli mbaya haina umbo, hutetemeka hovyo tu. Haya yalikuwa na umbo kama la neno.

Kwa Esteria lilikuwa limetokea mara tatu. Mara ya tatu programu ilikuwa imekata pande kubwa pamoja nalo.

15 Aprili, Jumatatu

Mashine ya Shamsa hurekodi na sauti, ingawa hakuna anayeisikiliza. Leo nimevaa hedifoni nikatafuta dakika ya mlipuko wa kwanza kwa yule kijana wa Machi.

Mlango unalia. Viatu vizito. Kisha: "Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

Nikaenda kwa mwingine. Mlango, viatu, shikamoo. Kwa mwingine. Mama wa Mlola na onga makeo yake. Misuli ya taya hupanda hadi juu ya masikio, na kila mlipuko katika rekodi zote ulikuwa ni taya ya mtu mwenye adabu, aliyeambiwa anyamaze na asisogee, lakini mzee ameingia. Neno lenyewe, kisha "sijambo", kisha "karibu". Na viatu ni vyangu.

Kelele ni mimi.

Nimesikiliza sauti yangu ikiitikia marahaba kwa watu wote wale, ndefu, yenye raha, kama mtu anayekunywa maji. Leipzig niliingia vyumba vya namna hii maelfu ya mara. Kule aliyelala chini ya kofia hakutazami, nawe humtazami. Nilikuja huku na mazoea ya kule ya kuingia na kutoka, nikayaleta kwa watu wa huku. Na kusema kweli, mara nyingi sikuwa na la kuangalia kwenye skrini. Nilikuwa nafuata shikamoo.

Kisha nikasikiliza ya Esteria. Mara ya tatu anasema, "Shikamoo ba—" na hamalizi. Kimya. Mimi naitikia marahaba, sikuona kitu, natoka. Kimya kinaendelea. Alikuwa amepotea. Kile tulichokitafuta kilikuwa kimeanza ndani ya salamu yangu, na programu ilipokuja kutoa taya, ikakifagia pamoja nayo. Nimejaribu kuitenga kwa njia zote ninazozijua. Haitengeki.

16 Aprili, Jumanne

Nimemwambia Shamsa, mbele ya wagonjwa, kwa sababu ndipo nilipomkosea. Alisikiliza, akashika kiuno.

"Yaani babu, umenisema mimi na jeli yangu, kumbe fujo yote ni wewe?"

"Ni mimi. Unisamehe."

"Nilikuwa naona. Kila ukiingia mistari inapanda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Nimfukuze mzee chumbani?" Watu wa barazani wakacheka. "Halafu wewe ndiye mtaalamu. Nikajua labda Ujerumani ndivyo mnavyopima."

Tumekubaliana nisiingie mtu akiwa chini ya kofia. Wengi rekodi zao zina nafasi safi ya kutosha. Wanaohitaji kurudiwa ni wachache, na Esteria ni mmojawao.

17 Aprili, Jumatano

Waya wa kofia umekatika. Nimeuunga, umekatika tena ndani ya kiungo. Kofia nyingine itatoka Dar es Salaam. Shamsa amebandika karatasi mlangoni: KIMYA. NDANI HATUAMKIANI. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake aliisoma kwa sauti, akauliza hapa ni hospitali ya watu au ya mbuzi.

24 Aprili, Jumatano

Nimekwenda Mlalo. Mahali pa nyumba yetu pana kabichi, nzuri, zimepangwa vizuri. Mzee aliyekuwa akizipalilia aliniuliza kwa Kishambaa mimi ni mtoto wa nani. Nilijua jibu, lakini katikati ya sentensi neno moja lilikuja kwa Kijerumani. Akangoja kwa upole, kama Efrazia anavyomngoja Esteria. Nilipomtaja baba alishika mkono wangu kwa mikono miwili, kisha akaniuliza nitakaa mpaka lini.

Kwa hiyo na mimi hupotea. Kupotea kwangu hakuonekani kwenye skrini.

2 Mei, Alhamisi

Mvua haijakoma. Udongo umeshuka barabarani, magari ya Mombo hayapandi. Kofia iko chini, sisi tuko juu.

5 Mei

Efrazia haulizi. Anahesabu njegere. Esteria anasoma kemia mezani, ukurasa mmoja tangu asubuhi.

7 Mei

Moyo umenisumbua kidogo kwenye mteremko wa soko. Nimekunywa dawa. Sikumwambia mtu.

10 Mei, Ijumaa

Barabara imefunguliwa. Kofia imefika.

13 Mei, Jumatatu

Daktari anasoma kesho. Shamsa alikwisha warudia wengine Jumamosi na Jumapili, leo asubuhi akabaki Esteria peke yake. Kwa utaratibu wa zamani tungekuwa tumekwisha shindwa: rekodi ya leo ingesafishwa keshokutwa.

Niliagizwa kukaa barazani. Nilikaa. Lakini mwavuli wangu nilikuwa nimeuacha jana kwenye kona ya chumba kile, na mvua ilipozidi nikainuka, mawazo yangu yakiwa kwa Hezekia na umeme wake, nikasukuma mlango.

Esteria alikuwa amelala, kofia kichwani, macho wazi. Alinitazama moja kwa moja. Niliona shingo yake ikianza kuinuka, kama zinavyoanza shingo zote. Kisha akairudisha kwenye mto. Akafumba macho. Hakusema kitu.

Shamsa alikuwa ameshika kalamu hewani. Nilirudi nyuma, nikaufunga mlango taratibu usilie, mwavuli nikauacha. Ni mtoto wa kwanza huku kutoniamkia, na sijapata kuheshimiwa hivi.

Kabla ya saa sita alipotea. Shamsa alitoka mbio kuniambia, akakumbuka yuko kazini, akarudi mbio.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa saba. Tulipeleka rekodi kwa Hezekia tukakaa kwenye madawati, mimi, yeye na Efrazia aliyefunga genge lake mapema.  Saa tisa taa ikapepesa, ikatulia. Hezekia alikuwa amepanga mgawo kabla: rekodi moja, mashine kumi na mbili, kila moja na kipande chake na kipande cha tuta la jirani. Mimi nilikuwa na cha kufanya kidogo sana.

Ilikwisha kabla chai aliyoagiza Efrazia haijapoa. Niliifungua. Mahali nilipoingia pana kope moja tu, imefumbwa. Mbele yake mistari imelala, safi kabisa. Na mbele zaidi, upande wa kushoto, juu ya sikio, wimbi linachomoza, lenye ncha, linajirudia, linaongezeka, linatawala, kisha linakoma.

"Ndiyo hiyo?" Efrazia akauliza.

"Ndiyo."

Akainamia skrini. "Ni ndogo," akasema. "Imetusumbua hivi, na ni ndogo."

14 Mei, Jumanne

Daktari ni mama wa makamo, haongei sana. Ya Esteria aliisoma mara mbili. Ni kifafa, cha aina isiyoangusha bali inayopoteza, kina mahali pake na kina dawa yake. Dawa aliyokuwa akipewa tangu utoto ilikuwa ya aina nyingine. Hakuahidi kwamba itakoma. Alisema itapungua, awe mbali na moto na maji ya kina, na asome. Akaandika maelezo ya shule.

Esteria alimuuliza kama ni vibaya kuwa nacho.

"Ni vibaya kutojua unacho," daktari akamjibu.

Mtoto akanigeukia. "Mmepanga nyinyi?"

15 Mei

Jua. Efrazia ameanika magodoro.

18 Mei, Jumamosi

Esteria amerudi shule. Tulimsindikiza stendi mimi na mama yake. Sanduku lilikwisha pandishwa, na alikwisha niamkia asubuhi kama kawaida. Akiwa mguu mmoja juu ya ngazi ya gari, akashuka, akaja mbele yangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Umekwisha niamkia leo."

"Hii si ya leo. Ni ya siku ile chumbani. Nilikuwa nimeibakiza."

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mjukuu wangu."

Gari liliondoka. Efrazia alisimama mpaka likapotea kwenye kona.

19 Mei, Jumapili

Programu nimemwachia Hezekia, naye amekwisha ibadilisha mahali pawili, kwa haki. Shamsa amenirudishia mwavuli. Aliniuliza kama nitakuja masika ijayo, nami nikamwambia tutaona, kwa sababu watu walikuwa wengi barazani na wote walikuwa wameniamkia.

Ndege ni Jumatano. Kaburi la mke wangu liko kule, na moyo huu hauna safari nyingine ya namna hii ndani yake. Sitarudi.